Siku kumi kabla ya mbio za milimani: lipi bado linawezekana, lipi limeshapita

Anayejiandaa kwa ultramarathoni ya milimani husikia ushauri unaogombana wenyewe kwa wenyewe. Pumzika, lakini usiache kukimbia. Kula zaidi, lakini usivimbiwe. Kunywa maji, ila maji mengi yanaweza kukufikisha hospitali. Wahi kufika uzoee hewa nyembamba. Mwingine atakuambia fika siku ya mwisho kabisa. Beba mzigo mwepesi, lakini ole wako ukiacha koti. Mashauri yote hayo yakikukuta katika wiki ya mwisho, wakati kichwa tayari kina wasiwasi wake, ni rahisi kuamini kwamba hakuna anayejua anachosema.

Sehemu kubwa ya ushauri huo ni sahihi. Unagongana kwa sababu unagusa sehemu tofauti za mwili, na kila sehemu ina ratiba yake. Misuli iliyochoka huhitaji siku kadhaa, pengine wiki mbili, kurudi katika hali yake. Akiba ya sukari ndani ya misuli hujaa kwa siku moja au mbili. Chembechembe nyekundu za damu huhitaji wiki kadhaa kuongezeka. Tumbo nalo hujifunza kupokea chakula huku miguu inakimbia, lakini halifundishwi Alhamisi kwa ajili ya Jumamosi. Kwa hiyo kila ushauri unaofika mezani upimwe kwa swali moja: jambo hili bado lina muda wa kufanya kazi, au dirisha lake limeshafungwa?

Ukubwa wa shughuli yenyewe nao usisahaulike. Ultramarathoni ni mbio yoyote inayozidi kilomita 42.195, na ikiwa ya milimani huja na miinuko juu yake. UTMB, inayouzunguka mlima Mont Blanc kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, ina takribani kilomita 170 na jumla ya kupanda inayokaribia mita 10,000. Kikomo chake ni saa 46 na nusu. Ilipofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2003, hali ya hewa ilichafuka, na kati ya watu wapatao 700 walioanza ni 67 tu waliomaliza mzunguko mzima. Mbio za namna hii mara nyingi huamuliwa na baridi, tumbo na nyayo kabla mapafu hayajaulizwa chochote.

Mazoezi: dirisha lililofungwa

Mazoezi magumu unayoyafanya leo hulipa baada ya siku kumi hivi au zaidi. Maana yake ni kwamba ndani ya siku kumi za mwisho huwezi kujiongezea nguvu, ila unaweza kuingia kwenye mbio ukiwa na uchovu ambao hukuuhitaji. Ile safari ndefu ya kufidia wiki uliyougua haifidii kitu.

Kupunguza mzigo, hata hivyo, kuna utaratibu wake. Mwaka 2007 Laurent Bosquet na wenzake walikusanya tafiti zilizofanywa kwa waogeleaji, wakimbiaji na waendesha baiskeli, wakaona kwamba matokeo mazuri zaidi yalipatikana pale mwanamichezo alipopunguza wingi wa mazoezi kwa asilimia 41 hadi 60 katika muda wa wiki mbili, bila kupunguza kasi wala idadi ya siku za kufanya mazoezi. Faida ilikuwa kama asilimia mbili. Kwa lugha nyepesi: aliyekuwa anakimbia saa moja na nusu akimbie dakika arobaini, lakini ndani yake aweke vipande vichache vya kasi aliyoizoea. Anayelala kitandani wiki nzima huishia na miguu mizito. Hapo ndipo "pumzika" na "usiache kukimbia" vinapopatana.

Kwa mkimbiaji wa milimani kuna nyongeza, nayo ni miteremko. Unapoteremka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya kuzuia huku ikinyooshwa, na kazi hiyo huchana nyuzi zake kuliko kupanda kunavyofanya. Maumivu hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, lakini nguvu huchelewa kurudi hata maumivu yakishaisha. Jambo la kutia moyo ni kwamba msuli uliowahi kuumia hivyo hujikinga kwa wiki kadhaa zinazofuata. Mteremko mkali wa mwisho, basi, ufanyike wiki mbili hadi tatu kabla, ili kinga ibaki na uharibifu uwe umepona. Katika wiki ya mbio, panda ukitaka, kisha teremka taratibu.

Tarajia pia maumivu ya uongo. Mzigo ukipungua, goti ambalo halijawahi kusema neno huanza kulalamika, koo hukwaruza, kisigino huchoma ngazini. Mengi ya hayo ni masikio ya mtu mwenye muda mwingi wa kujisikiliza. Maumivu yanayokufanya uchechemee ni habari nyingine, hayo yapelekwe kwa daktari. Mafua ya kweli huepukwa kwa njia za kawaida: nawa mikono, kaa mbali na anayekohoa, hasa safarini.

Chakula na maji, mahali ushauri unapopotosha zaidi

Mwili huhifadhi wanga kama glikojeni, kiasi cha gramu 400 hadi 500 kwenye misuli na kama gramu 100 kwenye ini. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman wakiwa miongoni mwao, walionyesha kwamba msuli uliomalizwa akiba kisha ukalishwa wanga kwa wingi hujaza kuliko ulivyokuwa mwanzo. Hapo ndipo ilipotoka desturi ya kujinyima wanga siku tatu kisha kula kwa fujo. Baadaye ikabainika kwamba kujinyima hakuhitajiki: mwanamichezo aliyepunguza mazoezi hujaza akiba yake ndani ya saa 36 hadi 48 kwa kula gramu 10 hadi 12 za wanga kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku.

Piga hesabu uone. Mwenye kilo 60 anatakiwa kula gramu 600 za wanga kwa siku. Wali uliopikwa una takribani gramu 28 katika kila gramu 100, kwa hiyo ni zaidi ya kilo mbili za wali. Hakuna anayeimaliza sinia hiyo na akalala vizuri. Ndiyo maana wanaofanya jambo hili kwa makini hutumia juisi, asali, jemu, mkate mweupe na vinywaji vyenye sukari, na hupunguza mafuta na nyama ili tumbo lipate nafasi. "Kula zaidi" ni kubadilisha sehemu kubwa ya sahani kuwa wanga, wala haimaanishi kuongeza sahani ya pili ya kila kitu. Mizani itapanda kwa kilo moja au mbili, maana kila gramu ya glikojeni huhifadhiwa pamoja na kama gramu tatu za maji. Usiogope.

Naona hatua hii hupewa uzito kuliko inavyostahili. Akiba iliyojaa ni kalori zipatazo 2,000, wakati mbio za saa ishirini zinaweza kuunguza zaidi ya 10,000. Kwa mwendo wa polepole wa ultramarathoni mafuta ya mwili hubeba sehemu kubwa ya kazi, na wanga uliobaki hutegemea unachokula njiani. Kujaza akiba kunakupa mwanzo mzuri tu. Saa zinazofuata zinategemea kama tumbo litakubali gramu 60 za wanga kila saa, au hata 90 ikiwa glukosi na fruktosi vimechanganywa, kwa kuwa sukari hizo mbili hupita kwenye milango tofauti ya utumbo. Kiasi hicho kilipaswa kujaribiwa wiki nyingi zilizopita. Kama mazoezini hukuwahi kuvuka gramu 40, panga 40, wala usijitie ushujaa siku ya mbio.

Siku mbili au tatu za mwisho punguza nyuzinyuzi: maharage, mboga za majani nyingi, nafaka zisizokobolewa. Ni vyakula vizuri vya siku nyingine. Wakati wa kukimbia damu huondoka tumboni kwenda kwenye misuli na ngozi, na utumbo uliojaa makapi hauna subira.

Kuhusu maji, kosa la kawaida ni kunywa chupa baada ya chupa siku ya mwisho kwa imani kwamba mwili utayaweka akiba. Hauwezi, utayakojoa tu pamoja na chumvi kidogo. Hatari kubwa huja mbio zikishaanza. Anayekunywa kupita kiu yake kwa saa nyingi anaweza kuzimua damu hadi sodiamu ikashuka chini ya milimoli 135 kwa lita, hali inayoitwa haiponatremia. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba na akili kuchanganyikiwa, nazo hufanana na za aliyepungukiwa maji, kwa hiyo mtu huongezewa maji na kuzidishiwa madhara. Wataalamu wengi siku hizi wanashauri kunywa kwa kiu. Chumvi husaidia, lakini vidonge vyake havimwokoi anayeendelea kunywa kupita kiasi.

Na hapa niseme waziwazi: toa ibuprofeni kwenye begi. Dawa za jamii hiyo hubana mishipa inayoleta damu kwenye figo, wakati figo tayari zimeelemewa na joto, upungufu wa maji na mabaki ya misuli iliyochanika. Jaribio lililochapishwa mwaka 2017, lililowalinganisha wakimbiaji wa ultramarathoni waliomeza ibuprofeni na waliopewa kidonge kisicho na dawa, lilikuta figo zilizodhurika ni nyingi zaidi kwa waliomeza dawa. Kama kuna maumivu yanayohitaji kidonge kabla hata ya kuanza, jambo la kufikiria ni kama uanze.

Hewa nyembamba

Mbio zinazopita juu ya mita 2,500 huleta lile fumbo la kufika mapema au kuchelewa. Ukifika mwinukoni, siku za mwanzo ndizo mbaya: plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu, hupungua, usingizi hukatika, mapigo ya moyo hupanda kwa kazi ileile. Kupumua hurekebishika ndani ya siku kadhaa. Chembechembe nyekundu huhitaji wiki tatu hivi ili ziongezeke kwa kiasi cha maana. Mwenye wiki mbili au tatu azitumie. Asiye nazo huambiwa alale sehemu za mwinuko mdogo na kupanda siku ileile ya mbio, kwa sababu ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida hujitokeza saa 6 hadi 12, wakati mwingine hadi 24, baada ya kufika juu.

Hila hiyo inafaa kwa mbio za saa tano. Kwa mbio za saa thelathini zinazokaa juu muda wote, ugonjwa utakukuta njiani, usiku, ukiwa umechoka. Hata siku nne au tano za kulala juu kiasi ni bora kuliko kukosa kabisa. Isipowezekana, punguza kasi ya sehemu za juu kwenye mpango wako mapema, usisubiri kichwa kianze kugonga.

Begi

Tarehe 22 Mei 2021, katika wilaya ya Jingtai, jimbo la Gansu nchini China, watu 172 walianza mbio za milimani za kilomita 100. Asubuhi ilikuwa ya kuvumilika, na wengi walivaa kaptura na fulana. Mchana, walipokuwa kwenye sehemu ya juu kati ya kituo cha pili na cha tatu, upepo mkali ulikuja na mvua ya baridi na mawe ya barafu. Watu 21 walikufa, wakiwemo baadhi ya wakimbiaji bora wa masafa hayo nchini humo. Mchungaji wa mbuzi na kondoo aliyekuwa amejihifadhi pangoni aliwaokoa sita. Koti la kuzuia upepo halikuwa kwenye orodha ya lazima, lilikuwa pendekezo tu.

Ndiyo maana orodha ya vifaa vya lazima hairuhusu mjadala. Joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Ukianza kwenye mita 1,000 kukiwa na nyuzi 15, kilele cha mita 2,500 kitakuwa na nyuzi tano hivi, kabla hujahesabu upepo na nguo zilizolowa. Mkimbiaji hudanganywa na joto lake mwenyewe: anapokimbia huhisi yuko salama, kisha uchovu humpunguza mwendo, misuli inaacha kutoa joto, na jasho lililoloweka fulana linaanza kumgandisha. Mwembamba aliyejiandaa vizuri hupoa haraka kuliko mnene.

Kwa kawaida orodha hiyo huwa na koti la mvua lenye kofia na mishono iliyozibwa, nguo ya joto, blanketi la dharura, filimbi, taa ya kichwani na betri ya akiba, simu yenye chaji, maji na chakula cha akiba. Shindano ni kupata vitu vyepesi vinavyotimiza masharti, na hapo ndipo "mzigo mwepesi" unapoishia. Kitu kisichozungumzwa vya kutosha ni mpangilio. Koti likae mahali unapoweza kulitoa kwa vidole vilivyokufa ganzi, bila kumwaga begi zima njiani. Nguo ya joto iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwa sababu begi lenyewe hupitisha. Betri hupoteza nguvu kwenye baridi, basi ile ya akiba iwekwe karibu na mwili. Siku nne kabla, pakia kila kitu, jaza chupa, kisha kimbia nusu saa nalo mgongoni. Mkanda unaochubua bega utajulikana siku hiyo.

Viatu viwe vile ulivyovizoea. Kucha zikatwe siku tatu au nne kabla, usiku wa mwisho ni kuchelewa: kidonda kidogo cha mkasi hakijapona, na mteremko wa kwanza utakigonga mbele ya kiatu.

Hesabu ya saa

Kilomita peke yake hazikuambii utatumia muda gani. Njia nyepesi, inayotumika hata na chama cha kimataifa cha mbio za porini ITRA kupima ukubwa wa mbio, ni kuongeza kilomita moja kwa kila mita 100 za kupanda. Mbio za kilomita 60 zenye mita 3,500 za kupanda zinakuwa sawa na 95. Kama safari yako ndefu ya mazoezi ilikuwa kilomita 30 zenye mita 1,500, yaani 45, na uliimaliza kwa saa sita, mwendo wako ni 7.5 kwa saa. Gawanya 95 kwa 7.5, unapata kama saa 12 na dakika 40. Ongeza uchovu, vituo na giza, panga 14 au 15.

Namba hiyo inafungua nyingine zote. Saa 14 kwa gramu 60 ni gramu 840 za wanga, na sasa unajua ununue nini na uweke kiasi gani kwenye begi linalotangulizwa kituoni. Unajua giza litakukuta wapi, na taa inatakiwa iwake kwa muda gani. Unaona pia kama utawahi muda wa mwisho wa kila kituo kwa nafasi au kwa kubahatisha. Ukikuta kituo cha katikati kinakuachia dakika kumi tu za ziada, ni afadhali ulijue ukiwa mezani na kalamu.

Usingizi una mantiki yake. Usiku wa kuamkia mbio wengi hugeuka kitandani, na haliharibu kitu kama siku tano au sita za nyuma ulilala vizuri. Ongeza saa moja kila usiku kuanzia wiki ya mwisho. Kahawa huna haja ya kuiacha, kuacha ghafla huleta maumivu ya kichwa. Nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa saa tano hivi, kwa hiyo itunze kwa ajili ya alfajiri, wakati macho yanapokuwa mazito.

Maamuzi ya kufanya kabla akili haijachoka

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha katika kazi zake za miaka ya 1990 kwamba mtu anayepanga kwa umbo la "likitokea hili, nitafanya lile" hutekeleza zaidi kuliko anayebaki na nia tu. Kwa mbio za usiku kucha umbo hilo linafaa sana, kwa kuwa baada ya saa kumi na tano uwezo wa kupima mambo huwa umeshuka. Andika machache. Nikitapika, natembea dakika ishirini nikinywa kidogokidogo, kisha najaribu kitu kisicho kitamu. Upepo ukianza, navaa koti papo hapo, kabla sijasikia baridi. Nikihisi kokoto kwenye soksi, nasimama mara moja. Nikitaka kuacha, nafika kituoni kwanza, nakula, nakaa robo saa, ndipo naamua.

Weka pia yale yasiyohitaji kuamuliwa: mkojo wa rangi ya kahawia iliyokolea, kutetemeka kusikokoma au kulikokoma ghafla huku baridi ikiendelea, kuyumba kwenye njia tambarare, kushindwa kutaja jina la kituo ulichotoka. Hayo ni ya daktari wa mbio. Aliyechanganyikiwa huwa wa mwisho kujua kwamba amechanganyikiwa, kwa hiyo nakala ya karatasi hiyo ikae kwa mtu anayekusubiri njiani, na mkubaliane naye mapema kwamba siku hiyo ana haki ya kukuzuia hata ukimgombeza.